Kumbikumbi ni mende, senene si nzige

Msimu mmoja wa mvua konokono walinimalizia sukuma. Nikashuka hadi senta, nikaingia duka la pembejeo na kusema nataka dawa ya wadudu. Kijana wa dukani alinipa chupa, akarudi kwenye simu yake. Jioni nikapiga dawa matuta yote manne, nikalala na matumaini. Asubuhi konokono walikuwa pale pale, mmoja amejibandika kwenye ile chupa tupu niliyoiacha shambani. Kosa lilikuwa la sote wawili: mimi sikutaja konokono, naye hakuuliza ni wadudu gani. Dawa ilikuwa ya viwavi.

Tangu siku hiyo neno mdudu nalitazama kwa jicho la pembeni. Ni gunia. Tumetia humo nzi, buibui, tandu, jongoo, kupe, konokono, minyoo ya tumboni, na hata viini vya magonjwa visivyoonekana kwa macho. Jirani zangu Waganda, yaani watu wa Buganda, nao wana gunia lao: ekiwuka ni mdudu, na akawuka, yaani kale kadogo, ni virusi vya Ukimwi. Kwa kumwonya mtoto neno hilo linatosha kabisa. Dudu liumalo usilipe kidole, wala huna haja ya kuuliza ukoo wake kwanza. Lakini ukitaka kujua nani ni ndugu wa nani, na kwa nini dawa moja inaua huyu na kumwacha yule, gunia lazima limwagwe chini.

Wasomi nao wana gunia lao kubwa zaidi: "wanyama wasio na uti wa mgongo". Huo si ukoo. Ni kama kuwachukua watu wote duniani ambao si Waganda, Mchina, Mkarimojong na Mbrazili, ukawaita kabila moja kwa kuwa hakuna aliyezaliwa Buganda. Zaidi ya asilimia 95 ya aina za wanyama zinazojulikana zimo humo. Wadudu halisi peke yao, wale wa miguu sita, wameshapewa majina ya kisayansi aina zipatazo milioni moja, na katika hizo mbawakawa wanakaribia 400,000. Vipepeo wa Uganda tu ni aina zaidi ya 1,200. Huwezi kuupanga umati kama huo kwa kuangalia nani mdogo, nani anauma na nani anatia kinyaa.

Watu walijaribu kuupanga kwa macho. Mtazame nyungunyungu: mwili wake ni pete baada ya pete. Mtazame jongoo: pete baada ya pete. Cuvier, mtaalamu wa Kifaransa wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliwaweka kundi moja, na kwa zaidi ya miaka mia moja wengi walimfuata. Kuna ubaya gani? Wanafanana.

Tofauti yao utaiona wanapokua. Nyungunyungu hurefuka kidogo kidogo kama mtoto wa mtu. Jongoo hawezi. Amevaa gamba gumu lisilotanuka, kwa hiyo akitaka kukua hana budi alipasue, atoke akiwa laini, ajitanue haraka kabla gamba jipya halijakauka. Yule mende mweupe uliyewahi kumkuta jikoni usiku, ukadhani ni wa aina nyingine, ni mende wa kawaida tu aliyetoka kujivua muda huo huo. Ukimwacha (najua hutamwacha) baada ya saa chache atarudi kahawia.

Mwaka 1997 watafiti waliolinganisha jeni walitoa jibu lililowashangaza wengi: wanyama wanaojivua gamba ni wa tawi moja. Wamo arithropodi wote, yaani wenye miguu ya viungo: wadudu, buibui, nge, kaa, tandu na jongoo. Na imo pia minyoo ya mviringo. Yule mnyoo wa mchango, mrefu kama kalamu, anayemtoka mtoto akishapewa dawa, hujivua mara nne kabla ya kukomaa. Nyungunyungu yuko tawi jingine kabisa, pamoja na ruba, konokono, tegu na mnyoo wa kichocho. Kwa hiyo mnyoo wa mchango ni ndugu wa karibu zaidi wa mende wa jikoni kuliko wa nyungunyungu wa shambani. Nilipomweleza mke wangu habari hii aliniomba nisiirudie tukiwa mezani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye vijito vya Mlima Elgon. Huko chini ya mawe wanaishi kaa wa maji baridi. Miaka ya nyuma ungemkamata mmoja, ukamgeuza, ukaangalia karibu na mdomo na kwenye viungo vya miguu. Ungeweza kukuta vitu kama mbegu ndogo vimejishikiza kwenye gamba, vinapeperuka kidogo maji yakipita. Walikuwa buu wa inzi mdogo mweusi anayeitwa na wataalamu Simulium neavei. Watu walimjua inzi huyu kwa kuumwa, lakini alikozaliwa hakukujulikana. Walipekua mawe na majani mtoni bila kumwona. Mwaka 1950 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Kenya, van Someren na McMahon, ndio waliotangaza kwamba anakulia juu ya kaa.

Buu huyo hamnyonyi kaa. Amepanda tu, kama abiria wa bodaboda, anachuja chakula chake majini wakati kaa anaenda na shughuli zake. Akishakuwa inzi anaruka, na jike anatafuta damu. Hapo ndipo binadamu anapoingia, kwa sababu inzi huyu hubeba mnyoo wa ugonjwa wa usubi, ule upofu wa mtoni. Sasa hesabu vizuri: mnyoo ndani ya inzi, inzi juu ya kaa. Wote watatu wanajivua gamba, wote watatu wa tawi moja. Mgeni katika safari hiyo ni mtu.

Tena inzi na kaa wanakaribiana kuliko mnyoo anavyowakaribia. Jeni zinaonyesha kwamba wadudu wote wa miguu sita ni chipukizi lililotoka ndani ya jamii ya kaa na kamba, likahamia nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Buibui na nge walikuwa wameshajitenga kabla, ndiyo maana hawana vipapasio na wanatembea kwa miguu minane. Wale uduvi wa Ziwa Victoria, chakula cha sangara wachanga, kwa nasaba wako karibu na kipepeo kuliko buibui alivyo karibu naye. Na yule mpwa wangu wa Mombasa anayekula kamba wa kukaanga kisha anamcheka anayekula senene Masaka, anamcheka binamu wa chakula chake.

Uganda haikuuacha ujuzi huu wa kaa vitabuni. Mafundi walishuka mitoni kukamata kaa na kuangalia wangapi wana buu. Dawa ya kuua buu ikatiwa kwenye vijito, na wanavijiji wakagawiwa vidonge vya ivermectin, ambavyo tangu sera ya kutokomeza ya mwaka 2007 vilianza kutolewa mara mbili kwa mwaka. Elgon ni mojawapo ya sehemu ambako maambukizi yalikatika.

Ivermectin yenyewe, nikisema kwa utani, inaujua ukoo kuliko mimi na yule kijana wa dukani. Inaua watoto wa mnyoo wa usubi. Inaua chawa. Inaua kidudu cha upele, ambaye kwa nasaba ni wa upande wa buibui. Lakini mpe mtu mwenye tegu au kichocho, haitamfaa. Dawa hiyo hushika mlango fulani kwenye neva za minyoo ya mviringo na za arithropodi, ukabaki wazi, mnyama akapooza. Kwa tegu na mnyoo wa kichocho haipati pa kushika hivyo. Ndiyo maana kule Ziwa Albert na Ziwa Victoria, kichocho kinatibiwa kwa praziquantel, dawa ya njia nyingine. Na kichocho kinapitia wapi kabla ya kumfikia mvuvi? Kwenye konokono. Mnyoo bapa na konokono, wote wa tawi lile la nyungunyungu. Sukuma zangu zingepona kama ningelijua hili mapema. Mwishowe niliwaokota kwa mkono usiku, na tochi, ndoo mbili.

Kupe anawachanganya hata wafugaji wazoefu. Aliyekomaa ana miguu minane, lakini aliyetoka kwenye yai ana sita, utamdhania mdudu. Jozi ya nne huota anapojivua kwa mara ya kwanza. Kuna dawa za kuogeshea ng'ombe zinazoua kupe na kumwacha mbung'o anazunguka kama kawaida. Mwenye ng'ombe maeneo ya mbung'o hana budi kuuliza hilo kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwa kumbikumbi, maana hapo ndipo ubishi unapochacha mtaani kwetu.

Baada ya mvua kubwa, taa ya barazani ikiwa inawaka, chukua mmoja aliyeanguka. Mabawa yake manne ni sawa kwa urefu, na yanang'oka ukiyagusa tu. Vipapasio vimenyooka kama uzi wa shanga ndogo. Kiuno hana, mwili umenyooka kutoka kifuani hadi tumboni. Kisha mtafute sisimizi mwenye mabawa, wapo usiku huo huo kwenye taa hiyo hiyo. Mabawa ya mbele yamezidi ya nyuma, vipapasio vimekunjwa kama kiwiko, na kiuno chembamba hadi unashangaa chakula kinapitaje. Sisimizi na siafu ni wa ukoo wa nyigu na nyuki. Kumbikumbi, ambao Waganda huwaita nswa na Waacholi ngwen, ni mchwa waliotoka kutafuta wachumba, na mchwa ni mende.

Si "kama mende". Ni mende, tawi la mende lililoanza kuishi kijamii. Wataalamu walibishana muda mrefu, mwaka 2007 utafiti wa jeni ukalikata suala, na ile oda ya mchwa, yaani kundi lao la kisayansi, iliyokuwa imesimama peke yake ikaingizwa ndani ya mende. Ndugu zao wa karibu walio hai ni mende fulani wa misituni huko Amerika ya Kaskazini na Asia, wanaokula mbao na kukaa na watoto wao ndani ya gogo hilo hilo. Waingereza walipokuja huku waliwaita mchwa "sisimizi weupe". Kiswahili hakikuwahi kuwa na tatizo hilo: mchwa ni mchwa, siafu ni siafu.

Angalia pia maisha yao. Katika kundi la siafu wafanyakazi wote ni majike, na dume kazi yake ni kupandana na kufa. Kwa mchwa wafanyakazi wanaweza kuwa wa kiume na wa kike, na mfalme halisi yupo, anakaa na malkia chumbani miaka na miaka wakati malkia anataga maelfu ya mayai kwa siku. Mtoto wa siafu ni funza asiye na miguu, anasubiri kulishwa. Mtoto wa mchwa anazaliwa na miguu yake, mchwa mdogo tayari, kama mtoto wa mende. Jamii mbili zenye malkia, askari na wafanyakazi, zilizojengwa na familia mbili ambazo hazikuulizana.

Hilo la kufika mahali pamoja kwa njia mbalimbali linaonekana zaidi kwenye kilimo. Mchwa wakubwa wanaojenga vile vichuguu virefu hawawezi kumeng'enya mti mkavu wenyewe. Wanautafuna, wanautandaza ndani ya kichuguu na kupanda kuvu juu yake. Kuvu ndiyo inayolainisha, wao wanakula. Wamelima hivyo kwa miaka kama milioni 30, hapa hapa Afrika. Mvua ikinyesha, uyoga wa kuvu hiyo huchomoza nje, tukapata butiko sokoni. Udongo wao watu wanaufyatulia matofali, na ukipita Hifadhi ya Ziwa Mburo utaona vichaka vizito vimekaa juu ya vichuguu huku nyasi zikitanda kati yake. Bila mchwa nyika ile ingekuwa na sura nyingine.

Mkulima wa pili yuko kwenye kahawa, na huyu hapendwi. Katika robusta za Uganda ya Kati utaona kijitawi kimekauka peke yake katikati ya mti wa kijani. Kivunje. Upande wa chini kuna tundu dogo kama la sindano, na ndani kuna mbawakawa mweusi asiyefika milimita 2. Yeye hali mti. Jike ametoboa, akaingiza kuvu aliyokuja nayo, akailima kwenye kuta za handaki lake, na watoto wake wanakula hiyo kuvu. Tawi linakufa. Mchwa na mbawakawa huyu hawana undugu wa karibu, na hakuna aliyejifunza kwa mwenzake. Ndiyo maana mtaalamu akiona wawili wanafanana kwa kazi hasemi haraka kwamba ni ndugu.

Kuna wanaofanana kwa hila. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu 200,000 Busoga na kandokando ya Ziwa Victoria, na watu wakahamishwa kutoka Visiwa vya Ssese ili wawe mbali na mbung'o. Daktari mmoja Mwingereza, Hale Carpenter, alipelekwa visiwani kuchunguza mbung'o, naye muda uliobaki alikuwa anakamata vipepeo. Kulikuwa na kipepeo mtamu kwa ndege anayejifanya kufanana na aina nyingine zenye sumu. Katika misitu ya bara, wenye sumu walikuwa wengi na waigaji waliwaiga barabara. Visiwani wenye sumu walikuwa wachache, na waigaji walikuwa ovyo ovyo: rangi nusunusu, madoa yasiyoeleweka. Ndege wa kisiwani hawakuwa wamepata somo la kutosha, kwa hiyo hata aliyeiga vibaya alipona. Uteuzi wa asili unaonekana hapo ukiwa umelegeza kamba.

Nimalizie na senene. Novemba kwa Kiganda ni Musenene, ndio mwezi wake, ingawa wanakuja pia Aprili na Mei. Masaka usiku huo inawaka kama uwanja wa mpira: mabati yaliyosimamishwa, mapipa chini, taa kali, moshi. Watu wa Bukoba nao wanamwita senene, hivyo kwa Kiswahili jina hilo lina wenyewe pande zote mbili za mpaka. Lakini wengi wakimtafsiri wanasema panzi, au nzige, na hapo ndipo wanapokosea.

Kabla hujamng'oa mabawa mtazame. Vipapasio vyake ni vyembamba kama unywele na vinaupita mwili kwa urefu. Vya nzige ni vifupi na vinene. Jike ana kitu kama upanga nyuma, cha kutagia mayai. Kisha mshike mguu wa mbele, chini kidogo ya goti: kuna vipenyo viwili vidogo. Ndiyo masikio. Senene anasikia kwa miguu, wakati nzige masikio yake yako ubavuni, tumbo linapoanzia. Senene ni wa upande wa nyenje, na upande huo uliachana na upande wa nzige zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Mtu na mbuzi waliachana nusu ya muda huo, pengine chini yake. Kwa maana hiyo mimi na mbuzi ni ndugu wa karibu kuliko senene na nzige.

Niliyaeleza haya barazani, sinia ya kumbikumbi wa kukaanga iko katikati. Ssalongo, jirani yangu, ni wa ukoo wa Nsenene, kwa hiyo yeye na wanawe senene hawagusi. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya kabisa.

"Sasa ssebo," akasema, "kama senene si nzige, wale nzige walioingia Karamoja Februari 2020, mimi nilikuwa naruhusiwa?"

Nikamwambia wale walikuwa wanapigwa dawa, asingekula. Na hata bila dawa, swali hilo ni la wazee wa ukoo wake, si langu.

Akatazama sinia. "Na hawa ndio umesema mende?"

"Ndiyo, Ssalongo."

"Mende hawana ukoo Buganda," akasema, akachota kiganja kizima.